Maambukizi ya virusi yasiyo na dalili kwa watoto na saratani: nini kipimwe, lini, na kwa sababu gani

Mleta mada

Ndugu wadau, ninafungua uzi huu kwa sababu ya swali ambalo wazazi huniuliza mara kwa mara wanapokuja dirishani kuchukua majibu ya watoto wao katika maabara ninayofanyia kazi. Huuliza hivi: ikiwa virusi vinaweza kukaa mwilini mwa mtoto bila dalili yoyote na miaka mingi baadaye vikaleta saratani, kwa nini watoto wote wasipimwe mapema? Swali ni la haki, na kumwambia mzazi "hatufanyi hivyo" si jibu. Jibu lenyewe ni refu kidogo, kwa kuwa virusi vinavyohusika ni vya aina nyingi, na kila kimoja kina wakati wake wa kuingia, namna yake ya kujificha, na sababu yake ya kupimwa au kutopimwa.

Niseme msimamo wangu mapema ili nisieleweke vibaya. Kipimo cha virusi kwa mtoto asiyeumwa kina thamani pale tu ambapo jibu lake litabadilisha kitakachotendwa kesho yake. Ikiwa jibu, liwe ndiyo au hapana, litamwacha daktari akifanya yaleyale, basi tumemchoma mtoto sindano bure na kumkabidhi mzazi hofu atakayokaa nayo miaka mingi.

Tuanze na huo ukimya wenyewe. Watu husema maambukizi "yamelala", lakini kulala huko ni kwa namna mbili tofauti kabisa. Vipo virusi ambavyo vikishaingia huzaliana kila siku ndani ya kiungo huku mwili ukivivumilia. Virusi vya homa ya ini aina ya B huwa hivyo kwa mtoto mchanga: kila mililita ya damu yake inaweza kuwa na mamia ya mamilioni ya virusi, naye akanyonya, akacheza na kukua kama wenzake, kwa sababu ini huumizwa zaidi na kinga ya mwili inaposhambulia seli zilizoambukizwa, na kinga ya mtoto huyo bado haijavitambua virusi hivyo kuwa ni adui. Namna ya pili ni ya virusi vya jamii ya herpesi, mfano kirusi cha Epstein-Barr, ambacho baada ya siku zake za mwanzo huacha kuzaliana, hufunga karibu jeni zake zote, na kukaa ndani ya seli nyeupe za damu ziitwazo seli B kwa maisha yote ya mtu, kikijitokeza mara mojamoja kwenye mate. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa virusi mithali hiyo ina ukweli nusu, maana kimya kilicho kingi kuliko vyote, hiki cha Epstein-Barr, kwa watu walio wengi hakina mshindo wowote hadi wanapoingia kaburini.

Mfano ambao kila mwanafunzi wa fani hii huanza nao ulitokea Uganda. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe mkubwa wa taya, na muda si mrefu akaona mwingine wa namna ileile. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya uvimbe huo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takribani kilomita 16,000, wakipita hospitali moja baada ya nyingine kuuliza wapi ugonjwa huo unaonekana na wapi hauonekani. Ramani waliyoichora ilifuata joto na mvua, yaani ilifuata maeneo ya malaria. Mwaka huohuo mtafiti Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia London, akaingiwa na wazo kwamba nyuma ya uvimbe huo kuna kirusi, na akaanza kukitafuta kwa hadubini ya elektroni katika vipande vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Alitafuta kwa zaidi ya miaka miwili bila kuona kitu. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege iliyobeba sampuli moja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester badala ya London, na sampuli ilipomfikia ilikuwa imechelewa na maji yake yameingia utusitusi, kiasi kwamba mtu mwenye haraka angeitupa akidhani imeoza. Epstein aliitazama kwanza, akakuta kwamba utusitusi ule ni seli hai za uvimbe zinazoelea. Kutokana na seli za namna hiyo yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walifanikiwa kuzikuza maabara, na mwaka 1964 wakatangaza kirusi kipya. (Ninyi mnaofanya kazi na sampuli, kumbukeni chupa ile kila mnapotaka kuandika "imeharibika".)

Yaliyofuata ndiyo yanayotuhusu. Miaka michache baadaye watafiti Werner na Gertrude Henle, waliokuwa Philadelphia, waligundua kwamba kirusi hicho kimeenea duniani kote, na kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wanacho. Kwa hiyo kirusi kilichopatikana ndani ya uvimbe wa mtoto mmoja kilikuwamo pia ndani ya karibu kila mtu aliyekuwa akimtibu. Hadi leo tunaeleza limfoma ya Burkitt (ndiyo ule uvimbe wa taya, saratani ya seli B) ya ukanda wa malaria kama ajali inayohitaji mambo kadhaa kukutana: mtoto aambukizwe Epstein-Barr akiwa mdogo sana, malaria ya kurudiarudia izidishe seli B na idhoofishe kinga inayozidhibiti, kisha katika mgawanyiko wa seli moja kromosomu zikatike na kuungana vibaya, ili jeni iitwayo MYC, inayochochea ukuaji, ibaki imewashwa. Hilo la mwisho ndilo linalozaa saratani, na hakuna kipimo cha virusi kinachoweza kulitabiri.

Virusi vya homa ya ini aina ya B vina habari nyingine kabisa. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takribani asilimia 90 wa kubaki navyo maisha yote. Anayeambukizwa akiwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na mitano, uwezekano ni kati ya asilimia 25 na 50. Mtu mzima mwenye afya njema, chini ya asilimia 5. Kirusi ni kilekile na ini ni lilelile. Kinachotofautiana ni umri wa kinga iliyokipokea. Miongoni mwa wanaobaki navyo tangu utotoni, karibu robo hufa mapema kwa ini kusinyaa au kwa saratani ya ini wasipofuatiliwa na kutibiwa. Mtafiti Palmer Beasley na wenzake waliwafuatilia wanaume 22,707 watumishi wa serikali ya Taiwan, na mwaka 1981 walitangaza kwamba waliokuwa na virusi hivyo walipata saratani ya ini mara 223 zaidi ya wasiokuwa navyo. Sigara yenyewe, pamoja na sifa zake zote mbaya, haifikii kiwango hicho kwa saratani ya mapafu. Hapa kipimo kina maana, na nitaeleza baadaye kwamba anayepaswa kupimwa kwanza ni mama.

Sasa vipimo. Tunavyo vya aina tatu, na makosa mengi ya kusoma majibu hutokana na kuvichanganya. Kipimo cha kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, huonyesha kwamba mwili umewahi kukutana na kirusi. Kipimo cha antijeni huonyesha kwamba sehemu za kirusi zipo kwenye damu sasa hivi. Kipimo cha PCR hutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, na kinaweza kuhesabu wingi wake. Tatizo kubwa kwa watoto wachanga ni kwamba kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kudumu katika damu ya mtoto hadi mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo tukimpima kingamwili mtoto wa miezi mitatu, huenda tunampima mama yake. Ndiyo sababu mtoto wa mama mwenye VVU hupimwa kwa PCR tangu wiki za mwanzo, na mtoto wa mama mwenye homa ya ini aina ya C hutafutiwa vinasaba vya kirusi kuanzia miezi miwili, au kingamwili baada ya miezi 18. Yupo pia mtego mdogo unaowakamata hata wenye uzoefu: mtoto aliyechanjwa karibuni dhidi ya homa ya ini aina ya B anaweza kuonyesha antijeni ya kirusi kwa hadi siku 18, ilhali alichonacho ni chanjo tu.

Vilivyobaki nitavipitia kwa haraka. HTLV-1, kirusi kinachoishi ndani ya seli nyeupe za damu, hupita hasa kwa maziwa ya mama anayenyonyesha kwa muda mrefu, na huleta aina ya saratani ya damu kwa wabebaji wachache, kwa kawaida miongo kadhaa baada ya kuambukizwa. Japani huwapima wajawazito nchi nzima tangu mwaka 2011, kwa kuwa mama akijua anaweza kubadilisha namna ya kumlisha mtoto. Virusi vya papiloma, vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, havipimwi kwa mtoto hata kidogo: yeye huchanjwa akiwa na umri wa kati ya miaka 9 na 14, kabla hajakutana navyo. Herpesi ya aina ya 8, inayohusiana na saratani ya Kaposi, huenea kwa mate utotoni katika maeneo ambako ni ya kawaida, na kwa mtoto mwenye kinga nzima hakuna tiba inayotolewa kwa sababu ya kuwa nayo. Kwa mtoto mwenye VVU, kinachofanyika ni kumpa dawa za VVU mapema ili kinga yake isishuke.

Karibuni kwa maswali. Ninaomba tu msiweke majina ya watoto wala picha za karatasi za majibu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, asante kwa maelezo. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka minne. Alikuwa na tezi zilizovimba shingoni kwa wiki mbili, akapimwa, na majibu yakaonyesha kwamba ana kingamwili za Epstein-Barr za aina ya IgG, huku zile za IgM zikiwa hazipo. Niliingia mtandaoni nikasoma neno "saratani", na tangu siku hiyo sipati usingizi. Tezi zimeshapungua. Je, niombe kipimo hicho kirudiwe kila baada ya miezi mitatu ili tuwahi iwapo kitaanza kuleta madhara?

Mleta mada

Mama, pole kwa usiku uliopita bila usingizi. IgM ni kingamwili za maambukizi mapya, na IgG ni zile zinazobaki baadaye. IgG ikiwapo bila IgM, maana yake ni kwamba mtoto alikutana na kirusi hicho zamani, pengine alipokuwa na mwaka mmoja au miwili, na kinga yake ikajifunza kukidhibiti. Inawezekana kabisa kwamba tezi zile hazikuhusiana nacho, kwa kuwa shingo ya mtoto huvimba tezi kwa mafua, kwa meno na kwa mambo mengi mengine. Ungenipima mimi leo, ungekuta majibu kama ya mwanao.

Kuhusu kurudia kipimo, uliwahi kufanyika utafiti mkubwa unaojibu swali lako karibu neno kwa neno. Katika miaka ya 1970, wilayani West Nile nchini Uganda, watafiti walichukua damu za watoto wapatao 42,000 waliokuwa wazima, wakazihifadhi, kisha wakasubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yalihusu watoto 14 waliopata limfoma ya Burkitt, na damu zao za zamani zilipopimwa zilionyesha kwamba, kwa wastani, walikuwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya ganda la kirusi kuliko wenzao muda mrefu kabla ya kuugua. Kwa sayansi lilikuwa jambo kubwa, kwani lilithibitisha kwamba kirusi kilitangulia uvimbe. Kwa mzazi mmoja mmoja, hata hivyo, ligeuze upande wa pili: ni watoto 14 kati ya maelfu kwa maelfu, na hata mtoto mwenye kingamwili nyingi alikuwa na uwezekano mkubwa mno wa kutopata kitu. Tena, kama tungemtambua yule mmoja, tungempa nini? Hakuna dawa inayokitoa kirusi hicho kwenye seli B, na hakuna chanjo yake iliyoidhinishwa.

Kinachosaidia kwa limfoma ya Burkitt ni jicho la mzazi. Uvimbe huo hukua kwa kasi inayoshangaza, ukiweza kuongezeka maradufu kwa siku moja hadi mbili, kwa hiyo dalili hazifichiki kwa miezi: taya linavimba upande mmoja, meno yanalegea bila sababu, jicho linatokeza, au tumbo linajaa. Ukiona mojawapo, usisubiri hata juma liishe. Tezi ya shingoni inayonywea yenyewe haimo katika orodha hiyo, na kwa mtoto aliye mzima kipimo hicho hakina haja ya kurudiwa.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni muuguzi katika wodi ya watoto waliopandikizwa viungo, na ninaomba kuongeza jambo ambalo nadhani mleta mada amelipita. Kwetu sisi PCR ya Epstein-Barr hupimwa kila wiki kwa miezi ya mwanzo, na hakuna anayeiona kuwa ni kazi bure. Mtoto ambaye hajawahi kukutana na kirusi hicho, akipewa figo au ini la mtu mzima aliyenacho, hupokea kirusi pamoja na kiungo, na wakati huohuo anatumia dawa za kushusha kinga ili kiungo kisikataliwe. Seli B zilizoambukizwa zinapokosa mlinzi huzaliana hadi zikafikia kuwa limfoma. Tukiona wingi wa virusi unapanda wiki baada ya wiki, daktari hupunguza dawa za kushusha kinga, na mara nyingi hilo peke yake huirudisha hali. Isipotosha ipo dawa ya rituksimabu, inayoziondoa seli B. Nimeona watoto waliookolewa na tarakimu kwenye karatasi kabla hawajaonyesha dalili yoyote.

Mleta mada

Dada muuguzi, umesahihisha vema na ninakubali kwamba niliruka. Tena mfano wako unaonyesha jambo hilihili vizuri kuliko mifano yangu: kirusi ni kile alichonacho mtoto wa mama aliyetangulia, kipimo ni cha kirusi kilekile, lakini katika wodi yenu tarakimu ikipanda kuna dozi ya kupunguzwa siku hiyohiyo. Ningeongeza tu kwa wasomaji wengine kwamba mnachofuatilia ninyi ni mwenendo wa tarakimu, kwa kuwa maabara mbili zinaweza kutoa hesabu tofauti kwa damu moja. Ndiyo maana mtoto wa namna hiyo hashauriwi kuhamishahamisha maabara.

Mchangiaji wa tatu

Ninaomba kuuliza kuhusu saratani ya damu kwa watoto, hii iitwayo lukemia. Nimesoma mahali kwamba inasababishwa na virusi ambavyo mtoto huzaliwa navyo na kwamba damu inayochukuliwa kisiginoni siku za mwanzo inaweza kuonyesha. Je, ni kweli?

Mleta mada

Umegusa mahali ambapo mambo mawili ya kweli yameunganishwa yakatoa jambo la tatu ambalo halijathibitika.

La kwanza ni hili. Damu ya kisiginoni, ile inayokaushwa kwenye kadi, ilitumika kweli kuchunguza lukemia. Watafiti walirudi kwenye kadi za watoto waliougua wakiwa na miaka miwili, mitano au zaidi, na kuanzia mwaka 1997 walionyesha kwamba katika baadhi yao hitilafu ya kromosomu iliyopatikana kwenye lukemia ilikuwapo tayari siku walipozaliwa. Lakini hiyo ni hitilafu ya seli za mtoto mwenyewe, iliyotokea tumboni bila kirusi kujulikana kuhusika. Tena hitilafu iliyo ya kawaida zaidi, inayounganisha jeni mbili ziitwazo ETV6 na RUNX1, hukadiriwa kuwamo kwa takribani mtoto mmoja kati ya 100, na walio wengi mno kati yao hawaugui kamwe. Mtafiti Mel Greaves wa Uingereza, aliyelishughulikia jambo hili kwa miongo mingi, anaeleza kwamba hatua ya pili huchochewa na maambukizi ya kawaida yanayomkuta mtoto ambaye kinga yake haikuzoeshwa katika mwaka wa kwanza. Katika maelezo hayo hakuna kirusi kimoja cha kulaumiwa, na kuna jambo linalowashangaza wazazi wengi: watoto waliochanganyika mapema na wenzao, wakapata mafua yao ya kawaida, wanaonekana kupata lukemia ya aina hii kwa uchache zaidi.

La pili linahusu sitomegalovirusi. Hiki ni kirusi cha jamii ya herpesi ambacho mtoto anaweza kuzaliwa nacho, na wengi wanaozaliwa nacho, karibu tisa kati ya kumi, hawana dalili siku ya kuzaliwa. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba alama za kirusi hicho zilionekana zaidi kwa watoto waliokuja kupata lukemia kuliko kwa wenzao. Uhusiano wa namna hiyo ni sababu nzuri ya kuendelea kuchunguza, na si zaidi ya hapo kwa sasa. Hata hivyo, kirusi hichohicho kina sababu ya haraka ya kupimwa isiyohusu saratani: ndicho kinachoongoza miongoni mwa maambukizi ya tumboni yanayoharibu usikivu, na mtoto aliyefeli kipimo cha masikio anapaswa kuchukuliwa mate au mkojo kabla hajatimiza siku 21. Baada ya hapo mate au mkojo haviwezi tena kuonyesha kama alizaliwa nacho au alikipata kwa kunyonya au kwa kubusiwa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atafuatiliwa masikio kwa miaka.

Mchangiaji wa nne

Ndugu mtaalamu, unazitaja chanjo, lakini hujawaambia watu kwamba chanjo ya polio iliwahi kuwa na kirusi cha nyani kinacholeta saratani. Kwa nini mzazi aamini chanjo ya homa ya ini aina ya B?

Mleta mada

Ndugu yangu, tukio hilo ni la kweli na halipaswi kufichwa. Kati ya mwaka 1955 na 1963 baadhi ya chanjo za polio zilitengenezwa kwa kutumia seli za figo za nyani, na ndani yake kulikuwa na kirusi kiitwacho SV40, ambacho kikidungwa kwa hamsta, wanyama wadogo wa maabara wa jamii ya panya, huwaletea uvimbe. Kilipogunduliwa, taratibu za utengenezaji zilibadilishwa. Waliochanjwa walikuwa mamilioni kwa mamilioni, na ufuatiliaji wao kwa miongo mingi haukuonyesha ongezeko la saratani ambalo lingetarajiwa kama kirusi kile kingewafanyia binadamu kile kilichowafanyia hamsta.

Chanjo ya sasa ya homa ya ini aina ya B haina njia ya kubeba kirusi cha nyani, kwa kuwa hamna seli za nyani ndani ya utengenezaji wake. Jeni moja ya kirusi, ile ya protini ya ganda, huwekwa ndani ya hamira, nayo hamira hutengeneza protini hiyo peke yake. Na ikiwa hutaki kuamini maelezo ya watengenezaji, tazama hesabu ya wagonjwa. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984. Saratani ya ini kwa watoto wenye umri wa miaka 6 hadi 14, iliyokuwa 0.70 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka katika kipindi cha 1981 hadi 1986, ilishuka hadi 0.36 katika kipindi cha 1990 hadi 1994. Sijui chanjo nyingine iliyokuwa imeonyesha kabla ya hapo kwamba inazuia saratani ya binadamu.

Mchangiaji wa tano

Shikamooni. Nina ujauzito wa miezi mitano na jana nimeambiwa nina homa ya ini aina ya B. Sijisikii kuumwa. Nina mtoto mwingine wa miaka mitatu ambaye naye hajawahi kuumwa. Nilie au nifanye nini?

Mleta mada

Marahaba, mama. Kulia kunaruhusiwa, lakini umejua mapema, na mambo ya kufanya yapo.

Kwanza, omba kupimwa wingi wa virusi kwenye damu. Vikiwa vingi, kizingiti kinachotumika kikiwa ni vizio vya kimataifa (IU) 200,000 kwa mililita, daktari atakupa dawa iitwayo tenofovir katika miezi ya mwisho ya ujauzito ili vishuke kabla ya uchungu. Na pale ambapo kipimo hicho hakipatikani, Shirika la Afya Duniani linaruhusu dawa hiyo itolewe bila kukisubiri. Pili, waambie mapema wale watakaokuzalisha, ili mtoto apate sindano ya kwanza ya chanjo ndani ya saa 24 tangu azaliwe, na mapema zaidi ya hapo ikiwezekana, pamoja na sindano ya kingamwili zilizo tayari ikiwapo. Sindano za kufuata zisirukwe. Ukifuata hayo unaweza kumnyonyesha bila wasiwasi. Mtoto mwenyewe atapimwa akiwa na umri wa kati ya miezi 9 na 12, wakati ambapo kingamwili alizodungwa zimekwisha na antijeni iliyotokana na chanjo imeondoka, na hapo jibu litakuwa lake.

Tatu, na hili ndilo ambalo mara nyingi husahaulika kwa sababu macho yote yako tumboni: yule wa miaka mitatu apimwe wiki hii, antijeni na kingamwili, na baba yao vilevile. Akikutwa salama na hajachanjwa, achanjwe. Akikutwa navyo, haina maana kwamba ana saratani wala kwamba ataipata. Ina maana kwamba kuanzia sasa atapimwa vimeng'enya vya ini na wingi wa virusi kwa ratiba, atachunguzwa ini kwa mashine ya picha kwa muda ambao daktari ataupanga, na siku kinga yake itakapoanza kulishambulia ini, dawa zipo na mtu atakuwa anaangalia.

Siku ya kujifungua, mwombe muuguzi aandike kwenye kadi ya mtoto saa ya sindano ya kwanza, pamoja na tarehe.